Mkono Mmoja Haulei Mwana: Haja ya Kuwafundisha Wauguzi kwa Timu

Katika chumba cha mtihani mwanafunzi wa uuguzi huketi peke yake. Meza yake huwekwa mbali na ya mwenziwe, na msimamizi hupita huku na huko kuhakikisha kwamba hakuna anayenong'ona. Aingiapo wodini jioni ya siku hiyohiyo, mambo hugeuka. Huko hakuna kazi yoyote kubwa aifanyayo peke yake. Dripu imeanzishwa na mwenzake wa zamu ya asubuhi, dawa imeandikwa na daktari, damu imepimwa na mtaalamu wa maabara, na habari za mgonjwa ataziopoa katika maneno ya yule anayemwachia zamu. Kusemezana na mwenzake, ambako asubuhi kulikuwa kosa, jioni kumekuwa wajibu.

Rai yangu katika makala haya ni kwamba chuo kinachompima mwanafunzi wa uuguzi akiwa peke yake tu kinapima nusu ya kazi yake. Nusu ya pili ni kulijua jambo mbele ya wenzake, kulisema, kulitetea kwa hoja, na kukubali kusahihishwa. Nusu hiyo nayo ni somo. Inafundishika, na inastahili alama. Maneno haya nayaelekeza pia kwa walimu na wanafunzi wa shule za sekondari, kwa kuwa vijana wengi wanaoingia vyuo vya uuguzi hapa Tanzania hutoka moja kwa moja katika kidato cha nne, nao huja na mazoea ya kujifunza waliyoyapata huko.

ALIYEJUA AKANYAMAZA

Miaka mingi iliyopita, nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, nilipangwa zamu ya usiku katika wodi ya watoto ya hospitali moja. Palikuwa na mtoto wa miaka sita aliyeandikiwa maji ya dripu, mililita 60 kwa saa. Mipira ya dripu haitoi matone ya ukubwa mmoja. Mpira wa watoto hutoa matone 60 katika kila mililita. Ule wa watu wazima uliokuwapo pale ulitoa matone 20. Kwa mpira wa watoto hesabu ni nyepesi, kwa sababu idadi ya matone kwa dakika huwa sawasawa na idadi ya mililita kwa saa. Mililita 60 kwa saa ni matone 60 kwa dakika.

Usiku ule mipira ya watoto ilikuwa imekwisha. Sista wa zamu akafunga mpira wa watu wazima, lakini kwa mazoea akaiacha dripu iende matone 60 kwa dakika, badala ya 20. Maji yakawa yanaingia katika mwili wa mtoto kwa kiasi cha mililita 180 kwa saa, yaani mara tatu ya kilichoandikwa.

Niliyahesabu matone yale kwa saa yangu, nikajua kwamba pana kosa. Majuma mawili kabla ya hapo nilikuwa nimepata alama zote katika jaribio la hesabu za dawa. Lakini nilipomtazama Sista, mtu mwenye miaka ishirini kazini, nilijiambia kwamba huenda anayo sababu nisiyoijua. Nikanyamaza. Baada ya saa karibu tatu, mama wa mtoto ndiye aliyeinuka akasema, "Sista, mbona mwanangu anahema hivi, na macho yamevimba?" Sista aliitazama dripu, akaifunga papo hapo, akamwita daktari. Mtoto alipona.

Asubuhi Sista aliniuliza kama nilikuwa nimeona. Nilikiri. Hakunikaripia. Alisema tu, "Kosa lilikuwa langu, binti yangu, lakini dawa yake ulikuwa nayo wewe."

Tangu siku ile nimekuwa mkufunzi, na swali hilo sijaliacha: nilipungukiwa na nini? Sikupungukiwa na maarifa, maana hesabu niliijua. Sikupungukiwa na huruma kwa mtoto. Nilipungukiwa na mazoezi. Katika miaka miwili ya chuo sikuwa nimetakiwa hata mara moja kumwambia mtu, kwa adabu na kwa hoja, kwamba amekosea; wala kumsikiliza mtu akiniambia hivyo mimi.

KUNDI SI TIMU

Walimu wengi watajibu kwamba kazi za vikundi wanazitoa. Ni kweli, lakini sote tunajua jinsi zinavyofanyika. Wanafunzi kumi hupewa swali moja. Mmoja mwenye bidii huandika, wawili humsaidia, na waliobaki hungoja majina yao yaongezwe chini ya karatasi. Hilo ni kundi. Watu wanaongoja basi kituoni nao ni kundi. Timu ni watu wachache wenye kazi moja ambayo haiwezi kukamilika bila ya kila mmoja wao, na ambao kila mmoja atatakiwa kujibu kwa sehemu yake.

Njia ya kuligeuza kundi kuwa timu darasani imekwisha kupatikana, na asili yake yatupasa tuijue. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Profesa Larry Michaelsen, aliyekuwa akifundisha masomo ya uongozi wa biashara katika Chuo Kikuu cha Oklahoma huko Marekani, alipata tatizo ambalo mwalimu yeyote wa hapa kwetu analifahamu vizuri: darasa lake la wanafunzi 40 liliongezwa hadi 120. Badala ya kurudi kwenye mihadhara, aliligawa darasa katika timu ndogo za kudumu na kuzifanya hizo ndizo zifanye kazi ya kujadili. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 njia hiyo imeenea katika vyuo vya udaktari na uuguzi vya nchi nyingi. Basi wanaosema kwamba kufundisha kwa timu ni anasa ya madarasa madogo wamelipindua jambo. Njia hii ilizaliwa kwa sababu darasa lilikuwa limefurika.

Taratibu zake si ngumu. Mwalimu mwenyewe huzipanga timu, watu watano hadi saba, akiwachanganya wenye nguvu na wanyonge wa somo. Wanafunzi hawajichagulii marafiki. Timu hudumu muhula mzima. Kabla ya kipindi kila mwanafunzi husoma sehemu aliyopangiwa. Kipindi huanza kwa jaribio fupi ambalo kila mmoja hulijibu peke yake, akaikabidhi karatasi yake. Kisha timu hulijibu jaribio lilelile kwa pamoja, bila ya vitabu, nayo hairuhusiwi kutoa majibu mawili. Baada ya hapo timu isiyoridhika na jibu la mwalimu yaweza kukata rufani kwa maandishi, ikitaja ukurasa wa kitabu unaoiunga mkono. Ndipo darasa zima hupewa tatizo moja la kweli la kuamua. Mwisho wa muhula kila mwanafunzi huwapa wenzake wa timu alama kwa mchango wao.

Mwaka 1989 Michaelsen na wenzake walichapisha matokeo ya timu 222 zilizofundishwa hivyo. Katika timu 97 kwa kila 100, alama za timu zilizidi zile za mwanafunzi aliyekuwa bora kuliko wote katika timu hiyo. Hata yule wa kwanza darasani, basi, alikuwa na jambo la kupata kutoka kwa wenziwe.

SOMO LA SAA MBILI

Tuchukue mfano. Chuo kina darasa la wanafunzi 60, yaani timu kumi za watu sita. Somo ni dripu. Swali mojawapo la jaribio ni hili: mtu mzima ameandikiwa lita moja ya maji ya chumvi iingie kwa saa 8, na mpira uliopo hutoa matone 20 kwa mililita, je, yawe matone mangapi kwa dakika?

Kila mmoja akiisha kujibu peke yake, timu hukutana na kukuta kwamba majibu yamegawanyika. Wanne wamepata 42. Mmoja amepata 125. Mmoja amepata 2,500. Katika mtihani wa kawaida wawili hao wangepewa sifuri, na kosa lao lingebaki nao. Hapa yawapasa waeleze walivyofika huko. Huyu wa 2,500 amezidisha mililita 1,000 kwa matone 20, akapata matone 20,000, kisha akagawanya kwa 8 akisahau kwamba saa 8 ni dakika 480. Mwenziwe hamwambii tu kwamba amekosa, humwambia, "Hebu jaribu kuhesabu matone 2,500 kwa dakika moja." Wa 125 amefanya hesabu safi kabisa, ila ametumia matone 60 ya mpira wa watoto. Hilo ndilo kosa la usiku ule niliousimulia. Mwanafunzi aliyelikamata kosa hilo mezani, akalitaja na kulieleza, amepata jambo ambalo mimi sikulipata chuoni.

Ndipo huja tatizo la kuamua. Mgonjwa aliyeandikiwa dripu hiyo ni mzee. Unapomwendea unaona miguu yake imevimba, na hawezi kulala chali kwa kukosa pumzi. Utafanyaje? A: utaianza dripu kama ilivyoandikwa. B: utaianza, lakini utaipunguza kwa uamuzi wako. C: hutaianza, utamwita daktari na kumweleza ulichokiona. D: utaiacha mpaka ripoti ya zamu ya asubuhi. Timu hupewa dakika kumi. Mkufunzi atoapo ishara, timu zote kumi huinua kadi zao kwa wakati mmoja, ili isiwepo timu ya kuchungulia jibu la nyingine.

Jibu bora ni C, maana dalili hizo zaonyesha kwamba huenda moyo umeelemewa, na maji zaidi yaweza kumzamisha mgonjwa. Lakini faida ya somo haiko katika herufi ile. Iko pale timu iliyoinua B inaposimama kujieleza. Itasema kwamba ilitaka kumlinda mgonjwa. Timu ya C itajibu kwamba dripu iliyopunguzwa kimyakimya humdanganya daktari na humdanganya muuguzi wa zamu ijayo, kwa kuwa karatasi yasema jambo moja na chupa yafanya jingine. Hapo darasa zima limejifunza kwamba katika uuguzi uamuzi mwema usiosemwa huweza kuwa hatari.

USHAHIDI WA KAZINI

Yaweza kuulizwa kama kuna ushahidi kwamba kazi ya timu huokoa maisha, au kama ni maneno matamu tu. Ushahidi upo, na sehemu yake umetoka hapa nchini.

Mwaka 2009 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliosimamiwa na Shirika la Afya Duniani katika hospitali za miji minane, mmojawapo ukiwa Ifakara. Hospitali hizo zilianza kutumia orodha ya mambo 19 ya kuhakikishwa kwa sauti wakati wa upasuaji. Orodha hiyo haikuleta dawa mpya wala chombo kipya. Ilitaka, pamoja na mengine, kila aliyemo chumbani ajitambulishe kwa jina na kazi yake, na wote wathibitishe kwa pamoja jina la mgonjwa na mahali pa kupasua. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi asilimia 0.8, na madhara makubwa yakashuka kutoka asilimia 11 hadi 7. Aliyekwisha kulitaja jina lake mbele ya wengine huona wepesi zaidi kusema, "Ngoja kidogo."

Tuuangalie pia utafiti uliochapishwa mwaka 2023 kuhusu akina mama wanaotoka damu nyingi baada ya kujifungua. Ulifanyika katika hospitali 80 za Kenya, Naijeria, Afrika Kusini na Tanzania. Chini ya mama uliwekwa mfuko wenye alama za vipimo ili damu ipimwe badala ya kukisiwa kwa macho. Na mara ilipofikia kiwango cha hatari, matibabu yote yalitolewa kwa mkupuo: kukanda mfuko wa uzazi, dawa za kuubana, dawa ya kuzuia damu, maji ya dripu, na kumchunguza mama ili kupata chanzo. Madhara makubwa yaliyokuwa yakipimwa yalikuwa asilimia 1.6 katika hospitali hizo, na asilimia 4.3 katika zile zilizoendelea na utaratibu wa zamani. Sasa hesabu mikono. Mkunga mmoja hawezi kukanda, kuchoma sindano, kufunga dripu na kuchunguza kwa wakati mmoja. Mambo hayo hayafanyiki kwa mkupuo ila na watu waliokwisha kuyafanya pamoja kabla, kila mmoja akijua nafasi yake.

Sidai kwamba jaribio la timu darasani peke yake lilileta matokeo hayo. Yaliletwa na kazi za hospitalini, zilizopangwa na kusimamiwa vizuri. Ninalosema ni kwamba tabia zilizookoa watu huko, yaani kutamka, kuthibitisha na kugawana kazi, ndizo tunazoweza kuanza kuzijenga darasani, badala ya kungoja mwanafunzi aajiriwe ndipo azitafute kitandani pa mgonjwa.

MANAHODHA WENGI?

Wako wanaoipinga njia hii, na hoja zao si za kupuuzwa.

Ya kwanza ni kwamba wavivu watabebwa. Hofu hii ni ya haki kwa kazi za vikundi za kawaida, lakini hapa kila mtu hujibu peke yake kwanza, na wenziwe watampima mwishoni. Mvivu hujificha kwa urahisi zaidi katika darasa la watu 60 wanaoandika imla kuliko katika meza ya watu sita wanaomngojea aseme.

Ya pili ni kwamba mtihani wa mwisho ni wa mtu mmoja mmoja. Ndivyo ilivyo, na ndivyo ipasavyo kuwa, maana leseni ya uuguzi hupewa mtu, haipewi timu. Ndiyo sababu sipendekezi alama za timu zichukue nafasi ya alama za mtu. Napendekeza katika kazi za muhula alama 60 ziwe za mwanafunzi mwenyewe, 30 za timu, na 10 za tathmini ya wenzake.

Ya tatu ni nzito zaidi: timu nayo huweza kupotea kwa pamoja. Mmoja mwenye sauti kubwa akiwa na jibu lisilo sahihi, watano wapole huweza kumfuata. Nimeliona hilo kwa macho yangu. Dawa yake ni zile karatasi zilizokabidhiwa kabla ya mjadala. Mkufunzi azirudishe baadaye, ili aliyekuwa na jibu sahihi akaliacha aone kwamba ameliacha, na timu nzima ijiulize ilimnyamazisha vipi. Kwangu mimi dakika tano za swali hilo zina thamani kuliko mhadhara wa saa nzima.

Ya nne ni ya wazee wetu waliosema kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Wodini lazima awepo wa kuamua. Mgonjwa anayetoka damu hapigiwi kura. Lakini nahodha mmoja si macho mawili tu. Baharia aliyeuona mwamba akanyamaza kwa heshima ya nahodha hakumheshimu nahodha, wala hakukihurumia chombo. Timu haimwondoi nahodha. Humpa macho zaidi.

KWA WALIMU WA SEKONDARI

Mwaka 1967 Mwalimu Julius Nyerere, katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, alilaumu elimu iliyojenga ubinafsi mahali pa ushirikiano. Zaidi ya nusu karne imepita, na bado mwanafunzi wetu hulifunika daftari lake kwa mkono ili jirani yake asione. Tabia hiyo haifutiki kwa kuvaa sare nyeupe.

Mwalimu wa biolojia, kemia au hisabati aweza kuanza juma lijalo bila ya kuomba fedha. Achague mada moja. Azipange timu yeye mwenyewe. Pale vitabu vilipo vichache, timu moja isome nakala moja kwa zamu. Atunge maswali matano ya kuchagua, kila mmoja ayajibu peke yake, kisha timu iyajibu tena. Kadi za A, B, C na D zikatwe kutoka katika boksi kuukuu. Afanye hivyo mara moja kila majuma mawili kwa muhula mmoja, akilinganisha alama za mtu na za timu. Atakuwa amefanya jaribio la sayansi katika darasa lake mwenyewe, na hatahitaji kuyaamini maneno yangu.

Kwenu wanafunzi nasema hivi. Siku moja baadhi yenu mtasimama usiku kando ya kitanda cha mtu asiyeweza kujitetea, na mtaona matone yakishuka upesi kuliko yapasavyo. Hesabu mtakuwa mmeijua. Anayesimama mbele yenu atakuwa amewazidi umri, cheo na miaka ya kazi. Mtakachohitaji saa ile ni sentensi moja fupi yenye adabu: "Samahani Sista, naomba tuhesabu pamoja." Mwanafunzi aliyekwisha kuitamka mara mia mezani pa darasa, na kutamkiwa yeye mara mia, haoni aibu kuitamka mara nyingine moja. Mimi sikuwa nimeitamka hata mara moja.